Kumpita Maalim

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mafunzo yangu ya usalama hapa kiwandani yamekwisha. Wote wamepasi mtihani wa karatasi. Amonia, ile gesi ya kugandishia barafu, ikivuja: acha kazi, funika pua, toka mlango wa mbele, usimngoje mtu. Hata Tatu wa kuosha pweza, asiyependa kalamu, kajibu vizuri.

Suhaib, meneja wetu, alitaka niandike leo leo kwamba tathmini imekamilika, vyeti vitundikwe kabla wakaguzi wa mnunuzi hawajafika. Nikamwambia bado. Nataka niwaone wakiwa kazini, wameshajisahau. Akasema nina wasiwasi mwingi. Sawa, ninao! Bomba la chumba cha barafu ni kuukuu na mwenye kutia saini ni mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu tupu. Nimepiga king'ora bila kumwambia mtu. Wameacha kazi, wamefunika pua — nikaanza kufurahi. Wakafika kwenye ujia wa kutokea, wote wakasimama.

Mbele yao Maalim Nyange, mlinzi wa chumba cha barafu, anajikongoja na goti lake bovu, mkono ukutani. Nyuma yake foleni nzima, kimya, kama wanasindikiza jeneza. Vijana wa kubeba makreti, miguu ya kukimbilia wanayo, wanamwambia taratibu Maalim, usijiumize.

Baadaye nikamuuliza Tatu, kwa nini? Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Weye ungempita? Katusomesha Kurani chuoni sote hapa, juzuu amma tumeishika mbele yake. Fimbo zake mie nazijua.

Basi hayo ndiyo matokeo. Wanajua kila kitu, na ingekuwa gesi kweli wangekufa wote kwa adabu.

Jumamosi, 13 Septemba

Suhaib kavimba. Wakaguzi wanakuja Jumatatu ya tarehe 22 na watataka kuona watu wakitoka. Mnunuzi akituacha, wanawake wote wa pweza wanarudi majumbani. Anasema dawa ni kumpumzisha mzee. Kesho asubuhi, kwaheri.

Nimekataa. Nimemwambia nipe wiki nzima, mazoezi kila asubuhi, nami nitawafundisha kumpita. Na nitamweka Masoud, mpakiaji barafu, amshike Maalim mkono. Masoud ana mabega ya kubeba nyumba. Suhaib kakubali, lakini kwa sharti: ikishindikana, Maalim aende na mie nimfuate.

Sijala kitu tangu mchana.

Jumanne, 16 Septemba

Nilikwenda kwa Maalim mwenyewe. Nimekaa kitako mkekani, nimemweleza. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu kupitwa, akasema hapana neno, atawaambia kwa mdomo wake. Roho zote za Mungu, wapite, radhi yake wanayo. Machozi yakanilenga.

Nikamtaja Masoud. Uso ukabadilika palepale. Yeye si kipofu, hajawa maiti, hatashikwa mkono mbele ya wanafunzi wake. Kwani mie nishakuwa mtoto, Ummi? akaniuliza.

Nikasema hapana, Maalim. Nikasema unisamehe. Nimerudi ofisini nikamfuta Masoud kwenye mpango. Najua si sawa. Najua! Lakini nani angemjibu mzee yule?

Ijumaa, 19 Septemba

Wanapita. Siku ya kwanza walipita wameinama, samahani Maalim, niwie radhi Maalim, bora hata wangesimama. Leo wamepita mbio. Maalim anabandika mgongo ukutani na kuwapungia: piteni, piteni. Tatu bado anaomba radhi, lakini miguu yake haingoji. Suhaib meno nje.

Maalim katoka wa mwisho, peke yake, muda baada ya wenzake. Kakaa juu ya kreti, anahema. Nikamsogelea nimtaje Masoud tena. Akaniwahi: umeona? Nimetoka mwenyewe. Watu walikuwa wanawahi sala ya Ijumaa. Nikafunga daftari, nikawaruhusu.

Jumatatu, 22 Septemba

Hospitali, benchi la nje ya wodi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Wakaguzi walifika asubuhi. King'ora sikukigusa. Ilikuja harufu kwanza, ile ya kuchoma macho, kisha kelele: bomba limepasuka! Watu wakatoka. Hakuna aliyesimama. Pweza chini, visu chini, pua zimefunikwa, kila kitu kama nilivyowafundisha.

Maalim alikuwa mle ujiani, mgongo ukutani, anatupungia tupite. Nikampita. Sikumbuki kama niliomba hata samahani. Nikafika uani, nikawaona watu wangu wanakohoa lakini wazima, na nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Ndipo nikageuka kutazama mlango. Hatoki mtu.

Masoud ndiye aliyerudi ndani, kitambaa kilicholowa usoni. Hakuna aliyemtuma. Alimkuta kaanguka pale pale tulipompita, akamtoa mgongoni. Sasa Masoud mwenyewe macho yamevimba haoni, na Maalim yuko kwenye mashine ya hewa. Dakta anasema tungoje.

Suhaib kapiga simu. Wakaguzi wanataka bomba jipya, lakini wamewasifu mno watu wetu, hawajaona kiwanda kinachotoka upesi vile. Anasema mnunuzi tumempata. Anaitaka tathmini leo, niandike mafunzo yamefaulu. Na yamefaulu. Ningekuwa naandika uongo ningepumua.

Mkewe Maalim, Bi Mwatima, kaja na kanga moja juu ya nyingine, hata viatu havilingani. Hakulia. Kakaa kando yangu kwenye benchi, kanishika mkono, anashukuru kwamba mumewe hakuwa na wageni, alikuwa na watoto wake aliowasomesha. Kisha akauliza, mwanangu, mlipokuwa mnatoka, nani alibaki naye?

Tatu, upande wa pili wa benchi, kainamisha kichwa. Bi Mwatima anadhani sikusikia. Anauliza tena, kwa upole, mkono wangu bado kaushika, na mie nimejifanya naandika —