Jiko la Mwaija Kwenye Mahame

Jumanne, 6 Julai 1993

Mwezi huu inatimia miaka kumi na tisa tangu malori yatuhamishe kwetu, upande wa Magu, na kutumwaga kwenye kijiji kipya. Sasa hakuna anayemzuia mtu. Watu wanarudi kwenye mahame yao, kama maduka yalivyorudi kwa wenyewe.

Kaka Machibya amekuja asubuhi. Ukoo umekubali nipewe tena boma la baba. Ua wa minyaa bado umesimama, na ndani yake kaburi la mke wangu Wilhelmina. Pembeni yake pana nafasi. Nataka nafasi hiyo tu.

Lakini mwanamume haingii mahame peke yake. Mwanamke wake ndiye anayewasha moto wa kwanza kwenye mafiga, wazee wakishuhudia. Aliyewasha ndiye mke wa pale. Machibya amemtaja Getruda, mdogo wa marehemu, naye mjane. Nimesema ninaye Mwaija.

"Yule wa mapanki?"

Ndiye huyo. Amecheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 7 Julai

Mwaija anakaanga mapanki Kirumba, hapa mjini — mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Mimi nilikuwa msahihishaji kiwanda cha uchapaji. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu. Nanyamaza, yeye anagombana na wateja watatu kwa pamoja na wote wanaondoka wakicheka. Mwaka jana alinikuta nasoma kipande cha gazeti alichonifungia samaki.

"Mzee Masele, kula kwanza. Habari haziozi."

Tangu siku hiyo sijala peke yangu.

Leo nimemweleza yote, mafiga na Getruda. Amefikiri kidogo. Akauliza, Jumamosi tunakwenda kuonyeshwa mipaka ya boma tu? Tu. Basi atakuja.

"Nikamsalimie mke mwenzangu kaburini. Huyo angalau hana maneno."

Jumamosi, 10 Julai

Minyaa imekuwa mirefu kuliko nyumba ilivyokuwa. Nyumba yenyewe ni kichuguu cha udongo.

Getruda alipiga magoti kuwasalimia wazee. Mwaija alisema shikamooni kwa sauti ya sokoni, kisha akaenda kaburini. Aling'oa magugu, akiongea polepole. Sikusikia alichosema.

Mzee mmoja alichelewa, wengine wakakaa wakingoja. Upepo ulikuwa wa baridi. Mimi nilikuwa mpakani na Machibya, tunatafuta jiwe la baba. Tuliporudi tukakuta moshi.

"Nani amewasha moto hapa?" Machibya aliuliza.

"Mimi, kaka. Chai inakaribia. Utakunywa na tangawizi?"

Alikuwa amelitoa kwenye kiroba jiko lake dogo la mkaa, lile la udongo. Huenda nalo kila mahali. Mafiga aliyajua, hakuyagusa. Kwake jiko la mkaa ni kitu cha safarini, kama mwavuli. Machibya aliinua ndoo akamwaga maji. Mvuke ukatufunika. Udongo ukalia — kah! — ukapasuka.

Mwaija alijipangusa majivu usoni. "Ungesema tu, kaka. Ningeuzima mwenyewe."

Wakabishana. Mzee mmoja alisema moto ukishawaka umewaka, maji hayaufuti. Machibya akasema wa mgeni si moto. Mwisho wameamua: Jumamosi ijayo achinjwe kondoo wa kusafisha boma, Getruda awashe upya. Na mimi nisimame mbele ya ukoo niseme ule haukuwa moto wa nyumba yangu. Nisipokuja, boma lipewe mwingine.

Wakati wa kuondoka Getruda alinisaidia kufunga vipande vya jiko kwenye kiroba. "Shemeji, dada angeinywa ile chai," alisema. Halafu akainamisha kichwa. "Lakini wakiniita kuwasha, nitawasha. Nitakataaje?"

Kwenye basi Mwaija aliwachekesha abiria mpaka Kisesa. Kutoka hapo aliangalia dirishani.

Jumatatu, 12 Julai

"Nenda ukaseme," ameniambia huku akigeuza samaki. "Ni maneno tu. Mimi nasemwa kila siku."

Nikauliza, na baada ya hapo?

"Baada ya hapo usipite hapa."

Jumatano, 14 Julai

Sijalala vizuri. Namwona Wilhelmina, na pale pembeni yake. Sentensi moja tu. Nimesahihisha uongo mkubwa kuliko huo ukachapwa.

Jumamosi, 17 Julai

Basi la Magu limeondoka asubuhi. Nililiona likijaza watu. Nikapita na kiroba chenye vipande vya jiko hadi Kirumba.

Mlango wa Mwaija umefungwa. Jirani anasema amekwenda Busisi kwa dada yake tangu Alhamisi. Lini atarudi? Hakumwambia. Alichukua na masufuria.

Basi nimekaa kizingitini. Jiko nimelifunga kwa waya, nimelikandika udongo kwenye ufa. Nimewasha. Sijui kuwasha mkaa. Moshi mwingi, na watoto wa jirani wananicheka. Ufa unatoa joto pembeni. Maji bado hayajachemka.

Saa hizi wazee wamekwisha kukaa, kondoo kafungwa kwenye minyaa, Machibya anaangalia njia. Wilhelmina, pembeni yako watamlaza mtu mwingine.

Ule ulikuwa moto wa nyumba yangu. Sitarudi Magu.