Upatu wa Mama Umo Ndani ya Injini

Basi kaka Kibwana, niliishia pale Majaliwa alipofungua boneti la lile lori lako, kuku wa jirani Ashatu akatoka na vifaranga vyake. Nikaikata barua kwa kuwa wageni walibisha hodi. Sasa naendelea, ila kwanza shikamoo. Natumai hujambo, na wifi Mardhiya kifua chake kimepoa. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu kwa kila alichopanga. Habari za mama zimo humu, utazikuta. Na usianzie chini. Nakujua tangu chuoni, ulikuwa ukifungua juzuu unatazama kwanza zimebaki kurasa ngapi.

Naam, gari. Unakumbuka ulivyoapa hapa barazani, watu wakisikia. Ulilikuta shemeji yako amelikausha maji mpaka injini imeungua, ukasema wallahi hutii mguu Bagamoyo mpaka gari hilo likufuate lenyewe Tanga. Majaliwa mume wangu tangu siku ile hakula akashiba. Lakini seremala wa mashua anajua nini injini? Vita vilipokwisha akaenda Dar es Salaam kwa Mhindi wa spea. Akaambiwa vitu vya gari kuukuu kama lile haviji tena hata meli zikianza, akanunue jipya. Akanunue na nini, mtu mali yake nyundo na patasi?

Akarudi, akaanza. Bodi akaiunda upya kwa mbao za mashua, akaziba nyufa, akaikalafati kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, gari zima likanuka. Ashatu kila akipita anauliza, je, fundi, chombo kinashuka majini lini? Mipira ya magurudumu hakuna, akajaza makumbi ya nazi ndani ya ile iliyokwisha, akaishona kwa kamba kama mtu anayewamba kitanda. Hata Bwanaheri, yule aliyekuwa akiendesha malori ya Chalinze kabla ya vita, alikuja kucheka akaishia kushika spana.

Kilichowashinda ni gasketi. Mimi nilikuwa siijui, sasa naijua kuliko ubini wangu. Ni bamba jembamba linalokaa katikati ya injini ili moto usikutane na maji. Ile ya zamani iliungua. Majaliwa akakata ya ngozi ya ng'ombe, mtaa ukanuka kama Idi. Akakata ya bati, ikapasuka. Bwanaheri akasema hapa panataka shaba, tena pana, ya kipande kimoja. Sasa shaba ya namna hiyo ni upatu, ile sahani ya kupigwa arusini, na nani atautoa upatu wake ukatwe?

Mama alikuwa amelala ndani, dirisha wazi, anasikia yote. Akaniita, akanambia toa upatu wangu chini ya kitanda uwape. Kaka, upatu ule. Alioupiga arusi yangu na yako, na arusi zote za Kaole, hata kuufuta vumbi haturuhusiwi. Nikamwambia mama, arusi ya Mina wangu utapiga nini? Akasema Mina atapigiwa sinia. Nikabisha, akanambia mimi mdomo kama chiriku, nifanye nilivyoagizwa. Majaliwa akautia motoni ukalainika, akauponda ukawa bapa, akaukata, machozi yanamtoka.

Alhamisi likasukumwa na mtaa mzima mpaka mteremko wa kwendea pwani. Likakohoa, likatema moshi, likawaka. Majaliwa akalipitisha dirishani kwa mama ili asikie. Mama akatega sikio kama anavyosikiliza wapigaji wageni. Kisha akasema linapiga haraka mno, mwambieni upatu wangu hautaki haraka. Tulicheka, kaka, mpaka Bwanaheri akashika mbavu.

Sasa keti chini. Mama hakuwa amelala kwa kuchoka. Alianza kuugua mfungo mosi, Idi imepita tu, miguu ikajaa, ikawa haamki. Mimi nilitaka kwenda posta kukupigia simu ya upepo, akanikataza. Akasema mwanangu ameapa mbele za watu, sitaki avunje yamini kwa ajili yangu, acheni gari limfuate. Mwalimu Mwinshehe akamwambia yamini ina kafara yake, mtu asipoweza kulisha maskini hufunga siku tatu, yakaisha. Mama akasema Kibwana amesoma, hayo anayajua, akitaka atafunga. Tangu hapo kila mwezi ukiandama ananiuliza, je, nduguyo hajaleta salamu kuwa amefunga? Namwambia bado, mama.

Jumapili alfajiri, Majaliwa yuko mbioni kutafuta petroli ya kuja kwako, mama alitangulia mbele ya haki. Alikuwa ananiuliza kama limeshaondoka. Nilimwambia limeondoka, mama, liko njiani. Tukamzika siku ile ile Kaole, ubavuni mwa baba. Simu isingekuwahi, na nikaona heri gari likufikishie, kama alivyotaka.

Hatukulaumu. Au tunakulaumu kidogo, sijui. Siku tatu tu, kaka. Watu tunafunga sita za mfungo mosi wala hakuna aliyetusukuma.

Basi gari lako ndilo hilo limekufuata, yamini yako imetimia. Hitma ya arobaini tunakungoja wewe. Majaliwa atakaposimama mlangoni kwako, mpe maji kwanza. Na mkiwa njiani mnarudi, utamwona anakwenda polepole. Usimwambie aongeze mwendo.

Nilitaka kukueleza nani alimwosha na nani alikuja, lakini huyo Majaliwa anaita. Gari linaunguruma hapo nje, likizimika litataka mtaa mzima tena, na wanaume wamekwenda mashambani Makurunge. Nisalimie Mardhiya, na umwambie ile kanga ya mama yenye mji mwekundu nimemwekea yeye, asije akasikia kwa Ashatu kuwa...

Huyo Majaliwa, anakuja kuichukua barua mwenyewe. Nduguyo Mwanabaraka.