Kipande cha Madigadi ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi 1997

Hospitali kabla ya kazi, kama kila siku. Uji, maji, kanga safi. Dada Zaituni bado yuko chali, mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba, na mfuko wa mawe ndio unaouvuta. Wiki ya tatu hii. Wodi imejaa watu wa risasi za vita. Mtu aliyevunjwa na gari anaonekana kama amejitakia.

Ameniuliza kama cherehani yake imefunikwa. Imefunikwa. Ni ya kukanyaga, iko kwenye baraza la duka kule mtaa wa Asiatique, na vumbi analiogopa kuliko anavyouogopa mguu.

Daktari kanivuta pembeni. Lazima dada atiwe chuma kwenye paja. Chuma hakipo nchini kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, ila kinaweza kuagizwa. Kisipofika kabla ya Aprili kwisha, mfupa utajiunga wenyewe, kombo, na cherehani aisahau. Nani anagharamia? Aliyemgonga. Nani kamgonga? Ofisa wa askari, na pikapu ya serikali. Naye ameandika kwamba dada alikimbia kukata barabara kutoka kushoto.

Dada ana miaka hamsini na mbili. Hajakimbia tangu nikiwa mtoto. Alikuwa pembeni, upande wa kulia, ananiletea chakula cha mchana gereji, kule Zone Industrielle. Wali na ndagala, dagaa wa ziwani. Naandika hivi ili nisisahau kwamba njaa ilikuwa yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mahakamani mara ya tatu. Karani yuleyule, kalamu ileile sikioni. Neno la ofisa ni ushahidi, neno la mgonjwa ni malalamiko. Nilete shahidi.

Nimemwendea fundi baiskeli wa pale njiani. Aliona kila kitu. Ndiye aliyemfunika dada kwa koti lake siku ile. Leo hakuinua macho kutoka kwenye tairi. "Mi sikuona kitu, ndugu yangu. Niko na batoto."

Nimemchukia njia nzima mpaka nyumbani Nyakabiga. Nilipofika nikakuta watoto wangu wanne wanacheza mlangoni. Bado namchukia kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Siamini. Pikapu imeletwa kwetu.

Magari ya serikali yananyooshwa gereji yetu, na fundi bodi ni mimi. Ningelikumbuka hilo mapema ningeacha kukimbizana na karani. Saa nne imesukumwa ndani, ikasimamishwa mbele yangu. Madigadi ya kulia, bati la juu ya gurudumu, imebonyea kutoka mbele kwenda nyuma. Ubavuni ina mikwaruzo mitatu mirefu, imejaa chokaa. Pembezoni mwa barabara ile kuna mawe ya mtaro yaliyopakwa chokaa. Gari haliyagusi mpaka litoke barabarani. Na kama dada angetokea kushoto, kwa nini kidonda kiko kulia?

Miaka ishirini madereva wananiongopea jinsi walivyogonga. Bati halijawahi.

Nimeifunika kwa turubai, fundi mwingine asiiguse.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka kazini bila ruhusa, mbio kwa karani. Kasema atatumwa mtaalamu wa magari. Lini? Tarehe 24. Pikapu inatakiwa Ijumaa hii. Nikamwambia aje yeye aone kwa macho yake. Hana mafuta ya gari. Nikasema twende kwa miguu. Akaangalia viatu vyake.

Tajiri wetu ni Bwana Nassor. Wazee wake walitoka Omani, wakafungua duka Asiatique kabla sijazaliwa. Ananichukulia kama mtu wa nyumbani, kwa hiyo nimemweleza yote. Akazungusha tasbihi muda mrefu. "We ukikatala, watapeleka kwa mutu mwingine. Atapiga nyundo, na ile alama itapotea. Na gereji yangu watafunga."

Hajakosea. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata. Sitapiga nyundo. Nitakata. Sehemu yote iliyobonyea itoke nzima, na chokaa yake, kisha nichomelee kiraka mahali pake.

Shida ni bati. Tangu vikwazo, mjini hakuna hata la kufunika sufuria. Nimerudi nyumbani mchana, nikamwaga maji ya pipa letu uani. Mke wangu Hadija kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kauliza tutaoga na nini. Nikasema ndoo. Amenuna, lakini ndiye aliyenishikia pipa nikilikata.

Kipande kimetoka salama. Ukubwa wa sinia. Nimechora namba ya gari na tarehe kwa msumari, nikakifunga kwenye gunia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza kabla ya sala. Masitiki ya kuziba mshono, msasa, rangi.

Ofisa mwenyewe kaja kuchukua gari. Mara yangu ya kwanza kumwona. Mfupi, mpole, ana mafua. Nilitaka awe na sura mbaya. Akapitisha kiganja juu ya madigadi, mara mbili. "Fundi, uko na mukono."

Hajui mimi ni nani. Na mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi. Kidogo tu, lakini nimefurahi. Msikitini sikusikia hotuba hata neno moja.

Jumatatu, 24 Machi

Ujinga. Ujinga mtupu.

Pikapu iliegeshwa kwenye uwanja wa mahakama. Mtaalamu kaja na suti. Nimefungua gunia, nimemwonyesha kipande, nimeeleza nilivyokata. Akapitisha kucha juu ya madigadi. Hakuna kitu. Akapiga magoti, akamulika tochi kwa chini. Hakuna kitu. Maana hata kwa chini niliusaga mshono, nikapaka rangi. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna mteja duniani anayechungulia chini ya madigadi. Nilifundishwa hivyo, na kazi nusu siijui, hata ya adui.

Ameandika: madigadi ni ya asili, haijawahi kukatwa, kipande kinaweza kuwa cha gari lolote. Namba niliyochora? Yeyote anaweza kuchora namba. Karani kanirudishia gunia akicheka.

Angekata fundi mwingine yeyote wa mji huu, mshono ungeonekana toka barabarani.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia dada. Nilidhani atalia. Amecheka mpaka mfuko wa mawe ukayumba na muuguzi akaja kutugombeza. "Ungefanya mubaya mara moja tu, Saidi. Juu ya kusaidia dada yako."

Kisha akageuzia uso ukutani. Kicheko kile kimeniuma kuliko cha karani.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku kumi nimekaa kwenye benchi la mahakama kila asubuhi, nikiomba kumwona jaji. Bwana Nassor amenivumilia. Leo nimeitwa, pamoja na ofisa, mtaalamu na ile pikapu. Jaji ni mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Nimemwomba kitu kimoja, anipe ruhusa nichome rangi ya madigadi mbele yake.

Ofisa akapinga. Mali ya serikali haichomwi. Jaji akamuuliza, kama haikukatwa, anaogopa nini. Kisha akanipa ishara niendelee.

Mtungi wa gesi nilikuwa nimekuja nao kwenye mkokoteni. Nikawasha. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika milimani tangu asubuhi, hakuna aliyegeuza kichwa, wote waliangalia moto wangu. Rangi ikavimba. Masitiki ikadondoka vipande vipande. Mshono ukatokea, mzunguko mzima. Nikaweka kipande changu juu ya kiraka, tundu kwa tundu, ukingo kwa ukingo. Kimekaa. Chokaa ikaangalia nje, jaji akaigusa kwa kidole.

Mtaalamu alifuta miwani, akaendelea kuifuta. Ofisa alikaa chini, akapenga kamasi. Nimeharibu kazi yangu bora kuliko zote kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne, 29 Aprili

Hukumu imesomwa. Zaituni alikuwa pembeni mwa barabara. Kosa ni la dereva. Serikali igharamie chuma, operesheni na fidia ya mguu.

Nimeshikana mikono na watu nisiowajua. Ndipo karani akaniambia faili lazima lipite wizarani, litiwe sahihi, halafu ndiyo chuma kiagizwe. Kesho ni mwisho wa Aprili.

Dada kaniomba nimsomee ule mstari wa pembeni mwa barabara. Nimeusoma mara nne.

Jumanne, 20 Mei

Wizarani tena. Mwenye kutia sahihi amesafiri. Wiki iliyopita alikuwepo, faili ndilo lilikuwa halipo. Wiki ya kabla yake vilikuwepo vyote viwili, muhuri ukawa kwenye kabati na mwenye ufunguo yuko msibani.

Nimepiga meza. Wakaniomba nitoke. Nikatoka. Nikarudi kuchukua kofia yangu, wakanisalimia kana kwamba ndiyo naingia.

Jumatatu, 9 Juni

Sahihi imetoka. Nimeibeba mwenyewe mpaka hospitali, sikuikunja.

Daktari kaisoma yote, akaiweka mezani. Akainua picha ya paja dirishani. Mfupa umejiunga. Kombo, kama alivyosema mwezi wa tatu. Kuuvunja upya hataki, si kwa dawa ya usingizi aliyobakiwa nayo. Chuma kikifika atapewa mtu mwingine. Fidia italipwa, wakati wake. Karatasi ni halali kabisa, kasema.

Nilitaka kumpiga. Si yeye. Nimebaki natafuta nani, na kila ninayemfikiria ana mkubwa wake.

Dada amesikia kutoka kwangu. Hakulia. Kasema cherehani nimwazime binti wa jirani, isishike kutu.

Jumapili, 15 Juni

Dada yuko nyumbani, chumba cha mbele. Amelala vizuri, Hadija anasema.

Asubuhi nimemlaza kwenye mkeka, nikampima miguu kwa rula ya gereji. Wa kulia umepungua sentimita tatu na nusu. Akauliza kama nimepima sawasawa. Nikapima tena. Tatu na nusu.

Nimekata soli kwenye tairi kuukuu, tabaka tatu, nikazigandisha chini ya kiatu chake cha kulia, nikasawazisha kingo. Akasimama, akanishika bega. Kasema imezidi kidogo kwa nyuma. Nikapunguza. Akavaa tena, akatembea toka mlangoni mpaka kwenye ua na kurudi. Akarudia. Mara ya tatu hakunishika.