Mama na Mtaa Usio na Kibaraza

Jumamosi. Rasharasha tangu asubuhi, hapa kwetu Mchafukoge kote tope, nami nimeamka na kiherehere changu cha kutaka kujua kila kitu.

Leo mimi na mama tumekwenda kuuona mtaa wetu mpya kabla haujajengwa. Mwekezaji anataka kuunganisha viwanja vya majirani na chetu, abomoe nyumba hizi za zamani, asimamishe maghorofa: chini fremu za maduka, katikati ofisi, juu makazi. Sisi tutapewa flati na fremu moja. Majirani wote wameshasaini. Amebaki mama, na hati ya kiwanja ina jina lake.

Nikiri mapema: mimi naitaka hiyo flati. Nimechoka kubeba ndoo kutoka uani, nimechoka kupanga foleni ya choo na wapangaji wetu wenyewe.

Ofisini kwa mwekezaji kuna mfano wa mtaa mzima juu ya meza. Niliuinamia kama mtoto aliyeona keki. Miti midogo, magari madogo, watu wadogo. Nikamtafuta muuza kahawa wa kibarazani kwetu, hayupo. Nikamtafuta mama lishe, hayupo. Ndipo nikagundua kwamba wale watu wote wanatembea.

Hakuna hata mmoja aliyekaa.

Nikamuuliza msanifu wa majengo hayo, kijana mpole ambaye kabla ya yote alimwamkia mama shikamoo yake vizuri. Akacheka, akasema watu wa kwenye mifano huwa hivyo. Sikuridhika, nikaizunguka meza tena.

Mwishowe mama akauliza flati yetu ni ipi, akaonyeshwa dirisha la juu kabisa.

"Nikifa mtanishushaje?"

"Kuna lifti, mama."

"Nitasimama?"

Mimi nilicheka hadi nikajishika mbavu. Msanifu hakucheka. Aliutazama mfano wake, akakubali kwamba hilo hakuliwaza.

Tulirudi kwa miguu, tukikwepa madimbwi na mikokoteni ya Kariakoo. Njiani mama akaniambia kwamba kifo hakimsumbui, kila mtu atakufa. Akanikumbusha ile homa iliyomlaza nikiwa kazini. Aliyegonga mlango ni muuza kahawa, kwa sababu asubuhi ile hakumwona mama kibarazani. Sasa kule juu, akauliza, akianguka nani atashtuka kwamba hajaonekana?

Niliona aibu, maana kwa kuitamani ile flati sikuwahi kumfikiria akiwa ndani yake peke yake mchana kutwa.

Jioni msanifu amepiga simu. Itawekwa lifti ya mizigo na jeneza litaingia vizuri, ila swali langu la watu wasiokaa limemganda kichwani. Anaomba aje Jumatatu asubuhi, akae na mama kibarazani, ajionee.

Mama alimaliza kwanza kuchambua mchele wake.

"Mwambie karibu, kahawa ipo. Ila ile mikataba yao aiache ofisini."

Jana ningenuna. Leo nimempigia kijana wa watu nikamfikishia maneno hayo yote, bila kupunguza hata moja.

Je, bado naitaka flati? Naitaka. Ila kwanza nataka kujua, huko juu, nani atakuja kumgongea mama yangu mlango.