Dharura ya Mwaka Mzima

Kaole, Bagamoyo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Najua kila gari linaposimama hapo Fukayosi unachungulia kama nashuka. Miguu inaendeleaje? Na mihogo, nguruwe pori wamekuachia chochote? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Hajra anaota meno, halali, basi na mimi silali. Simu ikilia husema "Baba", hata wakiwa ni wale wanaotangaza vifurushi.

Mama, tulikubaliana: Wamarekani wakiifuta ile hali yao ya dharura iliyobeba vikwazo, namsubiri mume wangu Najim, wakiiongeza, narudi nyumbani na mtoto. Wameiongeza. Redio imesema rais wao ametia saini, mwaka mwingine tena. Mwenye meli wanayofanyia kazi kina Najim yumo kwenye orodha yao ya vikwazo, kwa hiyo hakuna bandari inayoitaka, na mabaharia hawaruhusiwi kuiacha peke yake majini.

Mama mkwe aliposikia akacheka kwa hasira. Akasema dharura ni mwanamke kushikwa na uchungu, au nyumba kuwaka moto. Hii ya kuongezwa kila mwaka ni leseni ya duka. Akasema kama ni hivyo, hata yeye ana dharura ya mume tangu aolewe. Nilicheka mpaka nikalia.

Nilikuwa nimekwisha kujiandaa, wewe shahidi. Vyombo alikuletea binamu Shuaibu kwa bodaboda yake. Tulibaki mimi na Hajra tu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Wewe unadhani Najim ndiye anayening'ang'ania. Sivyo. Siku ileile ya tangazo alinipigia, akasema ameshazungumza na shehe wa hapa, nikitaka talaka ataitoa kwa heri, nisije nikazeekea kwenye saini ya watu wasiotujua. Sauti ilimkatika, Mama, na haukuwa mtandao. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia sikuolewa na meli, na hakuna rais wa watu atakayenipangia eda.

Kwa hiyo siji. Usinune, mama yangu. Wala usimtume kaka Amiri kunichukua, atarudi mikono mitupu. Asubuhi nauza chapati, na mama mkwe amenipa kishamba nyuma ya nyumba. Wao wameongeza mwaka. Na muhogo nao unataka mwaka. Nitapanda.

Nisalimie Baba na wote hapo. Hajra anakubusu mkono, ingawa sasa hivi anaung'ata wangu.

Mwanao akupendaye,
Arafa

Shuaibu akipita, mpe hivi: kinu na mchi wake, mkeka wangu wa kulalia, chandarua cha Hajra, pingili za kupanda za ule muhogo mtamu, mzigo mmoja. Na kanzu ya Najim. Nasikia ulitaka kuipunguza imfae Seleman wa kaka Amiri. Usiikate, Mama. Niletee na urefu wake uleule.