Gari la Vipande

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi ametimiza ahadi! Nilipofaulu mtihani alisema ataninunulia kitu kimoja nikipendacho, na leo amenipeleka hadi dukani kwa Bwana Betri. (Sote tunamwita hivyo. Nadhani hata mkewe.) Gari la rimoti la kupanda miamba! Nimeliota tangu klabu ya sayansi itangaze shindano la machimboni. Magari haya hayakimbii. Yanatambaa. Tairi zote nne zinavuta, na gari linaparamia jiwe polepole kama kinyonga.

Tabu ni kwamba yako mawili. Moja liko tayari: unachaji betri, unaondoka. La pili ni boksi la vipande, unaunda mwenyewe. Gia, shafti, skrubu chungu nzima. Rimoti haimo hata, ila Bwana Betri ana moja kuukuu atakayonipa. Shangazi akasema chagua wewe, nisije nikalaumiwa. Bwana Betri akasema binti, chukua la tayari, haya ya vipande watu huyarudisha kwenye mfuko huku wanalia.

Nimeomba muda hadi Jumamosi ijayo. Shangazi kacheka: "Wewe hata mchumba utamwambia asubiri ufikirie!"

Jumapili, 5 Mei

Miwani — rafiki yangu wa dawati moja — analo la tayari. Leo limepanda ngazi za kwao zote bila kukwama. Anasema nisijitie wazimu, shindano ni tarehe 25, nikichukua vipande nitafika machimboni na boksi kichwani. Anasema kweli.

Nimeamua: la tayari.

Karibu nimeamua.

Jumatano, 8 Mei

Nataka kuandika vizuri kilichotokea leo, nisisahau.

Baba ni dereva wa lori. Lilimpindukia mteremkoni wakati wa mvua. Hakuna mwingine aliyeumia, na mguu wake umepona, plasta imetolewa, daktari amesema yuko sawa. Lakini tangu siku ile hajagusa usukani. Kwenye gari la Shangazi hukaa kiti cha nyuma na kufumba macho. Bosi wake akipiga simu, Baba hujibu, "Nitakuambia, mzee," kisha huilaza simu kifudifudi. Siku nzima yuko kwenye kiti cha dirishani. Mama anasema tumwache. Basi tumemwacha, na nyumba imepoa.

Jioni nilikuwa namweleza Mama habari za magari mawili huku tukimenya viazi. Nilidhani Baba hasikilizi. Mara sauti kutoka dirishani:

"Hilo la vipande, difu yake ya chuma au ya plastiki?"

Mama kisu kikamsimama mkononi. Mimi hata sikujua difu ni nini! Akanieleza: ni zile gia zilizofungiwa katikati ya ekseli, zinazopokea nguvu kutoka kwenye shafti na kuipeleka kwenye tairi. Alieleza kwa mikono yote miwili. Kisha akarudia dirisha lake.

Lakini aliuliza!

Alhamisi, 9 Mei

Nimepita dukani baada ya shule. Ni ya chuma. Nimemwambia Baba.

"Hm," akasema.

Nazijua "hm" za Baba. Hii ilikuwa nyingine.

Jumamosi, 11 Mei

Nimechukua vipande.

Bwana Betri alinitazama kama mtu aliyeagiza kiatu kimoja. Shangazi akauliza una hakika, nikasema nina hakika. Sababu sikumwambia. Ukisema jambo kama hilo kwa sauti linaweza kuharibika.

Miwani kasema basi tutaonana mwaka ujao.

Nimevimwaga vipande kwenye sinia mezani, makusudi, karibu na dirisha. Nikaanza na shokapu, zile springi za tairi. Nilikuwa naikaza skrubu huku nimeuma ulimi. Baba akavumilia, akavumilia, akashindwa. "Leta hiyo bisibisi, mwanangu, utakula uzi wote wa skrubu." Akavuta kiti.

Akavuta kiti!

Jumanne, 14 Mei

Tunaunda kila jioni baada ya homuwaki. Mimi husoma karatasi ya maelekezo, Baba hufunga, au yeye hushika nami nikafunga. Tunabishana. Mimi nataka tufuate picha moja moja. Yeye anasema ameshafungua difu barabarani, kwenye matope, tochi mdomoni, karatasi ya nini? Ekseli ya nyuma kaifunga peke yake, nusu ya muda akimtazama Mama kama anamwona.

Mama anasema meza yake inanuka grisi. Anasema hivyo huku anacheka.

Ijumaa, 17 Mei

Bodi ya gari ni plastiki angavu, na rangi hupakwa kwa ndani. Nilinunua njano. Lori la Baba lilikuwa la kijani, na sikutaka kumkumbusha.

Baba akaligeuza lile kopo la rangi. "Mbona si kijani?"

Nikasema kijani kilikwisha. Mimi na uongo hatuelewani, masikio yaliniwaka moto. "Njano nayo inaonekana kwa mbali," akasema. "Sawa."

Jumapili, 19 Mei

Limekamilika! Limefungwa! Tumeliweka sakafuni, Mama kaitwa jikoni, Shangazi naye yupo. Nikabonyeza.

Gari likatetemeka, likakaa palepale. Nikabonyeza zaidi. Tairi za mbele zinakwenda mbele, za nyuma zinarudi nyuma! Linajivuta lenyewe kama watu wawili wanaogombea shuka. Shangazi akasema hili limefanana na ndoa za watu ninaowajua.

Mimi machozi yalinilenga. Lakini Baba alikuwa amepiga magoti, anachungulia ekseli ya nyuma, mabega yanamcheza. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Gia ya difu kaiweka upande wa pili, ndiyo maana inazungusha tairi kinyume. "Miaka yote hii barabarani," akasema, akishindwa kupumua, "nimefunga difu kinyumenyume! Bosi asisikie!"

Mama alikwenda kusimama jikoni peke yake kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Hatukuwa tunapika vitunguu.

Tumefungua, tumegeuza, tumefunga. Kwa karatasi, safari hii. Limepanda mto wa kochi. Limepanda kiatu cha Shangazi.

Nikamnyooshea Baba rimoti ajaribu. Ni ya kushika kama bastola, ina kigurudumu pembeni, usukani mdogo kabisa. Akaficha mikono mifukoni. "Mimi fundi tu. Dereva wewe."

Sikumlazimisha.

Ijumaa, 24 Mei

Betri imejaa. Skrubu zote nimezikagua. Nimemwomba Baba aje kesho. Amesema atatazama mguu unavyoamka.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika nikiwa machimboni, nimekaa juu ya jiwe, usinihukumu kwa mwandiko mbaya.

Mguu umeamka vizuri. Baba amekuja! Kiti cha nyuma, lakini macho wazi.

Raundi ya kwanza imekwisha. Miwani yuko juu sana kwa pointi, gari lake limepita kila mahali. Letu limepita mawe yote isipokuwa lile la mwisho, mteremko mrefu wa utelezi. Pale nilikanyaga mafuta nikaogopa, nikaachia, likapinduka. Liko zima. Njano imekwaruzika tu. Baba alilifuata mwenyewe, akaligeuza, akapuliza mchanga.

"Uliachia katikati," akaniambia taratibu. "Mteremko kama huo huachii katikati. Unashuka nao."

Sheria inaruhusu kila timu kubadili dereva mara moja, hata akiwa mzazi. Nikamwambia, Baba, raundi ya pili ni yako. Nikaweka rimoti mapajani mwake kabla hajaficha mikono, nikafungua daftari hili nijifanye nina shughuli.

Anautazama ule mteremko.

Nachungulia kwa pembe ya jicho. Kidole gumba kimegusa usukani. Umezunguka kushoto. Umerudi kulia. Gari bado limezimwa.

Mwalimu wa klabu anatuita. Baba amejipangusa kiganja kwenye suruali, ameinuka, rimoti anayo yeye. Ananiuliza swichi ya rimoti iko wapi. Naacha kalamu nikamwonyeshe.