Kabureta niliyomfungia Bahati

Jumapili, Novemba 2008, Edmonton, London. Manyunyu tangu asubuhi, na giza limeingia hata saa kumi na moja jioni haijafika.

Naona aibu. Nianze na hilo, nisije nikazungukazunguka na habari za mvua.

Leo kanisani Bahati ametoa ushuhuda. Bahati ni Mkongo wa Bukavu, anapeleka dawa majumbani kwa pikipiki, kazi ya duka moja la dawa hapa jirani. Ananiita yaya, maana kwao ndiyo kaka mkubwa, na mimi nimeshazoea. Kasimama mbele na koti lake la mvua mkononi, akasema pikipiki yake ilikuwa imekufa, kazi inaponyoka, kisha Mungu akamwonyesha fundi humu humu ndani. Akaomba nisimame. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, akina mama vigelegele, na mimi nikainua mkono nikasema, "Sifa zote kwa Bwana."

Nilikuwa najua tangu jana.

Pikipiki ya Bahati ni hizi mpya za injekta. Petroli inapulizwa ndani ya injini kwa amri ya kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti. Mwezi uliopita ilianza kumzimikia. Inawaka vizuri, akitia gia tu, kimya. Akaisukuma mpaka kwangu. Nikaisikiliza kidogo, nikatikisa kichwa kama daktari, nikamwambia kompyuta imekwisha, hizi injekta zitakusumbua maisha, tung'oe kila kitu tuweke kabureta, ile ya zamani inayopeleka petroli bila kompyuta.

Ukweli ni kwamba injekta siijui.

Kabureta naijua. Morogoro nilikuwa naifungua, naisafisha na kuirudisha huku napiga soga na mteja. Hapa London napanga maboksi kwenye ghala, na hakuna anayejua kama mikono hii iliwahi kufanya kitu kingine. Kanisani ndiko peke yake ninakoitwa fundi. Sasa mtu kakuletea pikipiki, anakutazama, utasema hujui? Mimi sikuweza.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo nalo niseme. Injini kama ile miaka ya nyuma ilitoka na kabureta, kwa hiyo vifaa vya mtumba vilipatikana: kabureta, waya zake, na kile kiboksi cha kutoa cheche. Pampu ya ndani ya tangi nikaitoa, nikaweka koki ya kawaida. Muda wote huo Bahati alikuwa anapeleka dawa kwa basi na kwa miguu, analoana. Siku ilipowaka akatia gia na isizime, alinikumbatia na mafuta yangu yote.

Jana nikawa nasafisha banda la bustani. Waya nilizong'oa kwenye pikipiki ya Bahati zilikuwa bado ndani ya boksi, na mwishoni inaning'inia swichi ya stendi, ule mguu wa kuegeshea pikipiki. Pikipiki za huku, ukisahau stendi ya pembeni chini ukatia gia, swichi ile inazima injini, usije ukaondoka ikakuangusha kwenye kona. Niliikuta imejaa matope na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Nikaipima. Imekufa. Kumbe ilikuwa inaiambia injini kwamba stendi iko chini hata ikiwa juu.

Nikakaa juu ya ndoo.

Kompyuta ilikuwa nzima. Injekta nayo nzima. Kilichokuwa kinatakiwa ni swichi moja ndogo, pengine brashi tu. Na waya nilizofunga mimi hazina nafasi ya swichi hiyo, ndiyo maana pikipiki "ikapona". Sasa Bahati anazunguka mjini na pikipiki ambayo akisahau stendi, hakuna cha kumzuia.

Na bado leo nikasimama nikashangiliwa. Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono, anataka pikipiki ya mwanawe nayo niifanyie hivyo hivyo. Nikamwambia tutaongea.

Mke wangu nilimwambia jana ile ile. Leo kwenye basi tukirudi kutoka kanisani akasema taratibu, "Baba Neema, unangoja aanguke?" Binti yetu Neema alikuwa kiti cha mbele, amevaa visikilizio vyake, nikadhani hasikii. Hakugeuka. "Just tell him, Dad." Kiswahili anakielewa vizuri sana akitaka.

Basi jioni hii nimempigia. Nimemwambia, "Bahati, kabla hujaondoka angalia stendi imepanda. Kila safari. Siku hizi haizimi yenyewe." Nikawa natafuta maneno yaliyobaki. Akaniwahi, "Aksanti, yaya. Ona vile unanifikiria hata leo siku ya Mungu."

Nikasema haya, usiku mwema. Nikakata simu.

Nimesema nusu, na hiyo nusu nimeshukuriwa. Sijawahi kujidharau hivi. Chai imepoa mbele yangu, na mke wangu ameshajua.

Boksi nimeliingiza ndani, liko mlangoni: injekta, pampu, kompyuta, na swichi juu yake. Kesho nikitoka ghalani naenda nalo kwake. Najijua. Nikienda mikono mitupu tutaulizana habari za nyumbani, nitakaribishwa chakula, nitakula, nitaaga. Lakini nikisimama mlangoni kwake nimelikumbatia boksi hili, kabla hata ya salamu ataniuliza ni nini.